Hapana, Usikandwe

Swali lenyewe mara nyingi haliulizwi na mgonjwa. Huulizwa na mama yake, au shangazi, au mama mkwe, nami siku hizi nalitambua kabla halijatoka mdomoni. Mama anasubiri nimalize habari za vidonge, anasogeza kiti, anashusha sauti: "Mwanangu daktari, sasa huyu tumkande kuanzia siku ya ngapi?" Wiki iliyopita nimeulizwa mara tatu. Mama wa nne hakuuliza. Alikuja wodini na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, taulo jipya limekunjwa mkobani, na bintiye alikuwa ametoka chumba cha upasuaji jana yake tu.

Basi nijibu kwa maandishi, mpate kuonyeshana. Baada ya upasuaji wa kukaza tumbo hakuna siku ya kukandwa. Si ya 3, si ya 7, si ya 40.

Tulipoitoa desturi hii napajua. Mzazi akishajifungua hukandwa, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, arobaini inapita. Leo sigombani na bibi zetu (iko siku nitagombana nao, maana maji yale yamewaunguza wazazi pia). Ila hata kwa hoja yao wenyewe, tumbo lililokazwa halimo. Wanasema kukanda kunatoa damu chafu iliyoganda. Haya. Damu ya mzazi inatoka kwenye mji wa mimba, nayo ina njia yake. Umkande usimkande, itatoka. Huyu wetu mji wake wa mimba haukuguswa. Tulichofanya ni kuchana ngozi kutoka nyonga hadi nyonga, tukaibandua pamoja na mafuta yake kutoka juu ya misuli hadi karibu na mbavu, tukaishona misuli miwili ya katikati iliyoachana kwa sababu ya mimba, tukaivuta ngozi chini, iliyozidi tukaikata, kitovu tukakitobolea tundu jipya. Kati ya ngozi na misuli pamebaki nafasi isiyo na mlango. Hiyo damu mnayoiyeyusha itokee wapi? Ndiyo maana wengi hurudi nyumbani na mirija ya kutolea majimaji ikining'inia ubavuni. Joto pale halitoi kitu, linaongeza: mishipa midogo hutanuka, na iliyokuwa imeshaziba huanza kuvuja upya.

Hilo bado dogo. Kubwa ni ganzi.

Neva zinazoifanya ngozi ya tumbo isikie hupenya kutoka kwenye misuli kuja juu. Tunapoibandua ngozi tunazikata, hatuna namna. Kwa hiyo eneo la chini ya kitovu hufa ganzi kwa miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, na wapo wanaobaki na kiraka kisichorudi kamwe. Wagonjwa hulifurahia jambo hili. "Nje hapaumi kabisa, daktari, ni ndani tu kunavuta." Wanadhani ni dalili ya kupona.

Sasa ichukue ngozi hiyo uiwekee taulo la maji ya moto. Ngozi nzima huanza kulalamika joto likifika nyuzi 43 hadi 45 hivi. Mtu anaruka, anasema ngoja yapoe kidogo. Maji ya nyuzi 60 yanamtia mtu mzima jeraha baya la moto kwa sekunde 5 hivi. Na anayeyapima maji ya kukandia ni nani? Ni mama, kwa viganja vilivyozoea kuepua sufuria bila kitambaa. Tena damu ndiyo inayolichukua joto na kulisambaza mwilini, na ngozi iliyobanduliwa damu yake ni ya kuokoteza mpaka mishipa mipya iote. Joto likitua pale, linakaa.

Dada mmoja alirudi kwangu siku ya tisa. Mshono ulikuwa umenyooka, hata nikajisifu kimoyomoyo. Kisha nikafunua bandeji yote. Chini ya kitovu palikuwa na malengelenge manne yaliyopasuka, yamejipanga kwenye mstari mmoja, upana wa mkunjo wa taulo. "Sikusikia kitu," akaniambia, "nikajua maji yamepoa. Nikamwomba mama achemshe mengine." Mama mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, anaviangalia viganja vyake. Kidonda kile kilichukua muda mrefu kupona kuliko mshono wote, na kimeacha kovu ambalo yule dada hakulilipia.

Kuna hoja ninayorushiwa kila mara: "Mbona mimi nilikandwa kwa watoto watano na sikuungua?" Kwa sababu ulikuwa unasikia, mama.

Na msinibadilishie chombo. Chupa ya mpira ya maji ya moto, pedi ya umeme, chumvi iliyokaangwa na kufungwa kwenye kitambaa, vyote ni taulo lile lile. Barafu nayo ni hivyo hivyo kwa upande wake, inaweza kuiua ngozi isiyosikia baridi. Wapo mabinti waliokwenda kukazwa matumbo Istanbul, wamesoma kila kitu kwenye simu kabla ya kukata tiketi, na bado wakifika nyumbani wanamkuta shangazi sebuleni na beseni.

Mkaja nitaupitia haraka. Mkanda unaopewa hospitali unabana sawasawa kote, na kazi yake ni kuilaza ngozi juu ya misuli. Kanga iliyozungushwa ikapigwa fundo hubana pale penye mkunjo na penye fundo, na mara nyingi fundo hilo hukaa papo hapo chini ya kitovu, kwenye ngozi yenye damu haba kuliko zote. Ikikazwa zaidi inabana hata damu inayopanda kutoka miguuni. Mkaja una heshima yake, mpaka leo Pwani mahari haitajwi bila fungu la mkaja wa mama, na heshima hiyo naiacha ilipo.

Maumivu yenyewe, basi. Yanatoka kwenye ile misuli iliyoshonwa, ndiyo maana yanavuta ukisimama, ukikohoa, ukicheka. Siku 3 za mwanzo ndizo mbaya. Kabla ya upasuaji muulize daktari wa usingizi kama atakuchoma sindano ya ganzi kwenye ukuta wa tumbo. Inakuvusha usiku wa kwanza. Baada ya hapo dawa humezwa kwa saa, usisubiri maumivu yakushike koo: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku nzima, na ibuprofeni ya miligramu 400 mara 3 baada ya chakula ikiwa daktari wako amekuruhusu na huna vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu, usizimeze pamoja. Vidonge mseto vya dukani soma pakiti, vingi vina parasetamoli ndani na vingine vina aspirini, ambayo itakuongezea kuvuja damu. Tramadoli ukiandikiwa ni ya siku chache. Inaleta usingizi na choo kigumu, na kujikamua chooni kwa misuli iliyoshonwa utajuta, kwa hiyo maji, mapapai na dawa ya kulainisha choo vianze mapema. Lala chali, mito mgongoni na chini ya magoti. Kuamka, geukia ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mikono. Ukitaka kukohoa kumbatia mto tumboni. Tembea tangu siku ya kwanza, umeinama kama bibi kizee, usijinyooshe kwa nguvu, wiki ya pili utanyooka mwenyewe. Mtoto usimbebe kwa wiki 6. Shisha na sigara acha, vinaibana mishipa ya ngozi. Mgongo utakuuma kwa kule kuinama, na hapo ndipo mama apewe taulo lake: maji ya vuguvugu, mgongoni juu, basi.

Maumivu yaliyokuwa yanapungua yakirudi kwa kasi, tumbo likivimba upande mmoja, ngozi ikigeuka nyeusi au ukapata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu mmoja likiuma na kuvimba, au kifua kikabana na pumzi ikakata, hasa kama umetoka kukaa kwenye ndege saa nyingi, huenda ni damu iliyoganda. Hapo usiniandikie ujumbe ukasubiri nijibu. Panda gari uende hospitali iliyo karibu, hata kama siyo iliyokupasua.