Nyumba ya Lamu haiuzwi na mtu mmoja

KATIKA Mji wa Kale wa Lamu, mwenye nyumba hujulikana hadi nyanya yake, na nyumba yenyewe huwa na historia ndefu kuliko hati yoyote iliyofungiwa kabatini. Kwa hivyo, mtu anayetoka Nairobi, Mombasa au ng'ambo na fedha zake mkononi, akaonyeshwa na dalali jumba la mawe linalotazama bahari na kuambiwa kwamba mwenyewe yu tayari kutia saini kesho, ana kila sababu ya kusita. Aghalabu huyo anayeitwa mwenyewe ni mmoja tu miongoni mwa wengi.

Mji huu uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mnamo 2001. Mitaa yake ya mbele, hususan Mkomani, imebanana mno hivi kwamba magari hayapiti na mizigo hubebwa na punda. Tangu miaka ya 1970, wageni kutoka Ulaya wamekuwa wakinunua na kukarabati nyumba hapa na katika kijiji jirani cha Shela. Kisha yakaja matumaini ya bandari mpya ng'ambo ya pili, bara, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na wauzaji nao wakapandisha matarajio yao. Mauzo ya haraka ndiyo yanayozaa kesi za miaka mingi, na anayeumia kwanza si mnunuzi peke yake bali pia yule dada au shangazi aliyekuwa akiishi humo bila kujua kwamba paa lililo juu ya kichwa chake limeuzwa.

Hesabu ya warithi

Ili kuelewa jambo hili, tuchukue mfano wa kubuni. Bwana mmoja amefariki akiacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo hutumika katika mirathi ya Waislamu nchini Kenya, mjane hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa baina ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Nyumba ikigawanywa kwa mafungu 40, mjane atapata 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7.

Sasa, mwana wa kwanza anafanya kazi Mombasa, wa pili yuko Muscat, na binti amebaki Lamu na mama yake katika nyumba hiyo hiyo. Yule wa Mombasa ndiye anayekutana na dalali. Anasema kwa ulimi mtamu kwamba "nyumba ni yetu", na hasemi uongo, kwani kweli ni yao. Lakini yeye ana mafungu 14 tu kati ya 40. Akifariki mmoja wao kabla ya mgawanyo, fungu lake nalo huvunjika vipande kwa mjane wake, watoto wake na mama yake. Vizazi vitatu vikipita bila kugawanya, nyumba moja inaweza kuwa na wenyewe 30 walioenea kutoka Faza hadi Jeddah.

Sheria ya nchi inalifahamu tatizo hili. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamkataza msimamizi wa mirathi kuuza mali isiyohamishika kabla ya cheti cha usimamizi kuthibitishwa na mahakama. Anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa la jinai. Warithi wote wakiwa Waislamu na wakikubali, Mahakama ya Kadhi inaweza kusikiliza shauri hilo, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Kwa hivyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei. Na liwe hili: hati imeandikwa jina la nani, na mtu huyo yu hai?

Aliye ng'ambo anaweza kumpa ndugu yake mamlaka ya kisheria kuuza kwa niaba yake. Hati hiyo sharti iandikishwe katika ofisi ya usajili wa ardhi. Barua iliyotumwa kwa simu, hata ikiwa na picha ya saini, haitoshi.

Huenda ni nyumba ya mke

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wageni hulipuuza mno. Ilikuwa desturi ya familia zenye uwezo Lamu kumpa binti nyumba anapoolewa, au kumjengea ghorofa juu ya ile ya wazazi wake, na mume akahamia huko. Nyumba ni ya mke na ikabaki ya mke hata talaka ikitokea. Mgeni aliyezoea mambo ya kwingine humwona mzee anayemkaribisha kahawa barazani akadhani ndiye mwenye mali, kumbe mzee huyo amekaa miaka 40 katika nyumba ya mkewe. Mazungumzo yote aliyofanya naye huenda yasiwe na uzito wowote.

Pia yapo majumba yaliyowekwa wakf, ama kwa msikiti ama kwa kizazi cha aliyeyaweka. Mali ya wakf haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, hata wanaofaidika nayo wakikubaliana wote. Si kila wakf umeandikwa kwenye hati. Mwingine umo katika kumbukumbu za wazee na za msikiti. Ni busara kuuliza msikitini na katika Tume ya Wakf, ambayo makao yake yako Mombasa, kabla ya kulipa hata senti.

Tena kuna suala la ardhi. Katika pwani ya Kenya, na hasa Mombasa, pana utaratibu wa kale ambapo mtu humiliki nyumba ilhali kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Asili ya hati nyingi za pwani ni Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ambayo iliwataka watu wadai ardhi zao rasmi. Zisizodaiwa zikahesabiwa kuwa za serikali. Sheria hiyo ilifutwa 2012, lakini matokeo yake yangalipo. Upekuzi katika sajili utaonyesha kama kinachouzwa ni nyumba pamoja na kiwanja au ni kuta tupu. Na hata hati safi si ngao kamili: chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mahakama inaweza kuibatilisha ikithibitika ilipatikana kwa ulaghai au kinyume cha utaratibu.

Ukuta mmoja, nyumba mbili

Baada ya warithi, wanafuata majirani. Hapa ndipo Mkomani inapotofautiana na mitaa mingine ya pwani. Nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu, na ukuta mmoja mnene wa matumbawe mara nyingi hubeba boriti za nyumba mbili. Juu ya baadhi ya vichochoro kipo chumba kinachoitwa wikio, kinachounganisha nyumba ya upande huu na ya upande ule. Vingi vilijengwa na jamaa wa ukoo mmoja, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Ukoo ukitawanyika na nyumba moja ikauzwa, wikio hubaki ukining'inia juu ya swali gumu: ni chumba cha nani, na nani atakarabati ukuta unaoubeba? Jibu lapasa kuandikwa katika mkataba, pamoja na michoro.

Kuna wanaodhani kwamba kwa desturi ya Kiislamu jirani ana haki ya kununua kabla ya mtu wa nje. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, haki hiyo ya shufaa ni ya mshirika katika mali, si ya jirani. Binti wa mfano wetu, mwenye mafungu 7, ana haki hiyo. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro hana. Hata hivyo, mnunuzi asiyebisha hodi kwa jirani kabla ya kununua anajitakia taabu, kwa maana huyo jirani ndiye atakayempa au kumnyima nafasi ya kusimamisha ngazi anapotaka kupaka chokaa ukuta wake.

Ugomvi mkubwa zaidi huzuka juu, darini. Nyumba ya Lamu imejengwa kwa kuzingatia stara. Vyumba vyake hutazama ua wa ndani, uitwao kiwanda, na mlango wa mbele una daka lenye viti vya mawe ambapo mgeni hupokewa bila kuona ndani. Mnunuzi anayeongeza ghorofa ili apate upepo na mandhari ya bahari huweza kujikuta akitazama moja kwa moja mahali ambapo mama wa jirani anafua na kuanika. Kwa mwenye nyumba mpya ni roshani nzuri. Kwa majirani ni jicho lisilofumba. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba malalamiko hayo yana haki, na kwamba mandhari ya bahari hayalipii stara ya watu watano.

Baraza nazo zisichukuliwe kuwa mapambo. Wazee hukaa hapo jioni, na wakati wa Maulidi, mwezi wa mfungo sita, mji unapofurika wageni, hujaa watu hadi usiku. Kulizungushia baraza vyuma, au kulivunja, ni kutangaza kwamba hutaki kusalimiwa.

Isitoshe, huwezi kujenga utakavyo. Mji wa Kale unalindwa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, na mabadiliko ya umbo la jengo yanahitaji idhini ya Makavazi ya Kitaifa pamoja na ile ya kaunti. Fundi wa kwanza kumtafuta ni yule anayejua chokaa. Saruji ikipakwa juu ya matumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, ukuta ukamomonyoka taratibu. Ncha za boriti za mikoko huozea mle ukutani, mahali pasipoonekana, kwa hivyo zigongwe na kuchunguzwa kabla ya kukubaliana bei.

Malipo na muda

Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, kulingana na kifungu cha 65 cha Katiba. Kampuni yenye hata mwanahisa mmoja mgeni huhesabiwa mgeni. Mzaliwa wa Kenya aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 anaweza kuomba arejeshewe, na wengi wa Ghuba wangefaa kulifanya hilo kwanza.

Ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi, ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya miji na asilimia 2 mashambani. Kwa kawaida mnunuzi hutoa amana ya asilimia 10, nayo hukaa kwa wakili hadi masharti yatimizwe. Asikabidhiwe mrithi mmoja ati akagawe kwa wenzake. Mikataba mingi huweka siku 90 za kukamilisha mauzo. Panapokuwa na mjane Lamu, ndugu Mombasa na mwingine Muscat, na cheti cha mirathi bado hakijathibitishwa, siku hizo hazitoshi, na afadhali miezi sita iandikwe katika mkataba tangu mwanzo.