Usafirishaji wa matairi na rimu hadi Mshangano

Usafirishaji wa matairi na rimu hadi Mshangano ni mfano wa namna magurudumu ya gari yanavyofikishwa kwa gharama nafuu mahali palipo mbali na bandari. Mshangano ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea katika Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Reli haifiki Songea. Katika njia hiyo kituo cha TAZARA kilicho karibu zaidi kipo Makambako, takriban kilomita 300 kutoka Songea.

Zamani matairi yalitengenezwa nchini katika kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, ambacho kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi mengi huingia kwa meli, na wenye magari wa Songea huyaagiza kwa wauzaji wa Dar es Salaam, hasa maeneo ya Kariakoo, Gerezani na Ilala.

Ujazo na uzito

Tairi ni mzigo mwepesi unaokula nafasi. Tairi la saluni lenye alama 195/65 R15 lina upana wa milimita 195, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na huvaa rimu ya inchi 15. Kipenyo chake chote ni karibu sentimita 63. Uzito wake ni takriban kilo 9, lakini matairi 12 ya aina hiyo hujaza karibu mita moja ya ujazo, na sehemu kubwa ya mita hiyo ni hewa.

Ndiyo maana ndege haifai. Kwa kanuni ya kawaida ya mizigo ya ndege, urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa na kugawanywa kwa 6000. Tairi hilo la kilo 9 hulipiwa kama kilo 13. Likiwa limefungwa kwenye rimu, uzito huongezeka lakini nafasi inabaki ileile. Kwa hiyo anayehitaji vyote viwili hupata nafuu akivituma vikiwa vimeunganishwa.

Gari linalorudi

Nafuu kubwa zaidi haitokani na kufungasha bali na uelekeo wa mizigo. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na malori mengi hushuka yakiwa yamejaa nafaka. Mengine hubeba makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, kwenda bandari ya Mtwara kupitia Tunduru na Masasi. Mwenye lori hapendi kurudi tupu, maana dizeli ya kurudia atainunua vilevile. Anayekubali kusubiri siku chache hadi lipatikane fuso au semi linalorudi Songea huweza kuelewana bei ya chini kuliko anayetaka mzigo uondoke leo.

Basi la abiria hufaa kwa tairi moja au mawili ya haraka. Matairi manne huchukua nafasi kubwa kwenye buti, na bei hupanda ipasavyo.

Ufungashaji

Wapo wanaobana nafasi kwa kusukumiza tairi dogo ndani ya kubwa, wakati mwingine matatu kwa pamoja. Katika kontena njia hii hupunguza nauli ya kila tairi, lakini ni nafuu ya uongo. Ukingo unaoshika rimu una waya za chuma ndani yake. Ukipindwa kwa nguvu, waya hukunjika na tairi huweza kuvuja au kuchomoka likiwa barabarani. Kasoro hiyo ni vigumu kuiona tairi likishafungwa kwenye rimu, na atakayeigundua huenda akawa tayari yuko kwenye mteremko wa Kitonga.

Matairi matupu husafiri vizuri yakiwa yamesimamishwa na kufungwa kamba pana. Yenye rimu hulazwa, na upepo hupunguzwa. Rimu za aloi hupangwa uso kwa uso, katikati kukiwa na kadibodi nene. Vifuniko vya katikati na nati huwekwa kwenye mfuko tofauti wenye jina la mpokeaji. Mzigo usiwekwe kando ya madumu ya mafuta ya taa au dizeli, kwani mafuta hulainisha na kuharibu mpira.

Kupokea mzigo

Ubavuni, mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene si ushahidi wa upya, kwani mpira huzeeka hata dukani. Mnunuzi wa Mshangano huomba picha ya tarakimu hizo kabla ya kutuma fedha, kisha huzilinganisha na tairi lenyewe lori likifika. Ukingo hupapaswa kwa vidole pande zote mbili kabla ya kusaini stakabadhi. Baada ya hapo muuzaji husema liliharibikia njiani, na dereva husema alilipakia hivyohivyo.