Kalipa ya Breki Iliyolika Nyuzi

Bolti ya breki ikilazimishwa kuingia upande, au ikikazwa kwa nguvu zisizo kiasi, nyuzi za tundu lake hulika, hususan kalipa inapokuwa ya aluminiamu, madini laini kuliko chuma cha bolti yenyewe. Na hapo fundi stadi aweza kulipanua tundu kwa kekee, kulikata nyuzi mpya, na kulitia koili ya chuma cha pua, ambayo aghalabu hushika kushinda nyuzi za asili. Lakini ikiwa tundu lililoharibika ndilo lipitalo mafuta ya breki, penye mpira au nipo ya kutolea upepo, rai yangu ni moja: kalipa ibadilishwe, pete za shaba ziwe mpya, na upepo utolewe wote. Ewe mwenye gari, usimridhie kabisa fundi atakayetia gundi au utepe mahali hapo.