MWAKA AMBAO JAPANI ILIOGOPA SAMAKI WAKE

Jioni ya tarehe 19 Februari, 1954, watu wa Tokyo, mji mkuu wa Japani, walijaa viwanjani na kando ya barabara wakitazama televisheni. Siku hizo waliokuwa na chombo hicho nyumbani walikuwa wachache mno, kwani utangazaji wake ulikuwa umeanza mwaka mmoja tu uliotangulia. Kwa hiyo vyombo viliwekwa mahali pa wazi ili kila mpita njia apate kuona. Jioni ile mpiga mieleka Rikidozan na mwenzake Kimura walipambana na ndugu wawili wa ukoo wa Sharpe, walioletwa kutoka Marekani. Kila Rikidozan alipompiga mgeni kwa ubapa wa mkono, umati ulipaza sauti kwa furaha. Taifa lililoshindwa vitani mwaka 1945 lilikuwa limepata jambo la kushangilia.

Wakati huo huo, mashua moja ya mbao ilikuwa mbali katika Bahari ya Pasifiki, ikivua wale samaki wakubwa waitwao jodari. Jina lake lilikuwa Daigo Fukuryu Maru, maana yake Joka la Bahati la Tano. Ilitoka katika bandari ya Yaizu tarehe 22 Januari ikiwa na mabaharia 23.

Alfajiri ya tarehe 1 Machi mabaharia hao waliona mbingu ya magharibi ikiwaka, kana kwamba jua linachomoza mahali linapotua. Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na nguvu zake zilikuwa kama mara 1,000 ya zile za bomu lililoteketeza Hiroshima. Mashua ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku, lakini upepo haujui mpaka. Baada ya saa chache majivu meupe yalianza kuwanyeshea. Yalikuwa mawe ya matumbawe yaliyosagwa na mlipuko, yenye sumu ya atomiki ndani yake. Mabaharia, wasijue ni kitu gani, waliyazoa kwa mikono mitupu.

Walipofika Yaizu tarehe 14 Machi, ngozi zao zilikuwa zimeungua na nywele zao zikianza kunyonyoka. Siku mbili baadaye gazeti la Yomiuri lilitangaza habari hizo, lakini samaki wao walikuwa wamekwisha kusafirishwa kwenda sokoni katika miji mikubwa. Hapo ndipo hofu ilipoingia kila jikoni. Katika soko kuu la Tsukiji, mjini Tokyo, maofisa walipitisha vyombo vya kupimia sumu juu ya safu za jodari, na waliokutwa na dosari walifukiwa ardhini. Bei ikaanguka, na hata samaki wazima wakakosa wanunuzi. Kufika mwisho wa mwaka, vyombo vya uvuvi zaidi ya 800 vilikuwa vimekutwa na samaki wenye sumu. Mwezi wa Mei mvua nayo ilileta chembechembe hizo, na watu wakatilia shaka maji na mboga.

Msomaji atauliza kwa nini jambo hili liliwachoma sana Wajapani. Jibu ni kwamba, mpaka mwezi wa Aprili 1952, nchi yao ilikuwa chini ya majeshi ya washindi, na magazeti hayakuruhusiwa kueleza kwa uhuru mateso ya Hiroshima na Nagasaki. Maumivu yaliyofichwa moyoni kwa miaka mingi sasa yalipata njia ya kutokea.

Mwezi wa Aprili ilionyeshwa mara ya kwanza sinema ya Kurosawa iitwayo Mashujaa Saba, ambayo mwaka huo huo ilipata tuzo mjini Venice. Inasimulia habari za wakulima maskini waliochoka kunyang'anywa mavuno yao, wakakodi wapiganaji wa panga ili wawalinde. Lakini mtaani Suginami, upande wa magharibi wa Tokyo, hapakuwa na shujaa wa kukodi. Mabibi wa nyumbani waliozoea kukutana ili kusoma vitabu pamoja walishauriana na wauza samaki, ambao biashara yao ilikuwa ikifa. Chini ya uongozi wa mwalimu wa sheria, Bwana Kaoru Yasui, walianza mwezi wa Mei kukusanya sahihi za kupinga mabomu ya atomiki na ya haidrojeni. Walipita nyumba kwa nyumba, karatasi mkononi. Haba na haba hujaza kibaba: kwa muda wa miezi miwili hivi walipata sahihi zaidi ya 250,000 katika mtaa wao tu. Mikoa mingine ikafuata, na kufika Agosti 1955 sahihi za Japani nzima zilikuwa zimepita milioni 30.

Katikati ya kazi hiyo ilikuja habari ya msiba. Tarehe 23 Septemba, Bwana Aikichi Kuboyama, fundi wa simu ya upepo katika mashua ile, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa ameomba kwamba yeye awe mtu wa mwisho kuuawa na mabomu ya namna hiyo.

Tarehe 3 Novemba sinema nyingine ilitolewa, nayo ni Godzilla, iliyoongozwa na Ishiro Honda. Inaanza kwa chombo cha baharini kinachoangamizwa na mwanga wa ghafula. Kisha dubwana lililoamshwa na majaribio ya mabomu linatoka baharini na kuiteketeza Tokyo. Watu zaidi ya milioni 9 walikwenda kuitazama. Mtoto aliona dubwana. Mzazi wake alikumbuka Yaizu.

Serikali ya Waziri Mkuu Yoshida, iliyotegemea sana urafiki wa Marekani, ilitembea kwa hadhari katika jambo hili. Yoshida alijiuzulu mwezi wa Desemba kwa sababu nyingine za kisiasa, na Hatoyama akashika mahali pake. Mwisho wa mwezi huo upimaji wa samaki ulikomeshwa, na Januari 1955 Marekani ilitoa dola milioni 2 kuwa kifuta machozi, bila kukiri kosa mbele ya sheria.

Mashua yenyewe ilinusurika kuoza katika jaa la taka, na tangu mwaka 1976 imewekwa katika jumba la makumbusho mjini Tokyo. Mbao zake ni kuukuu, lakini aendaye kuitazama ataelewa jambo moja: mabibi wa Suginami hawakuwa na cheo wala silaha. Walikuwa na kalamu, na walijua kwamba kitu kinachoingia katika chungu cha nyumbani ni shauri la mwenye chungu pia.