Parole huanza kutafutwa siku ya kwanza ya kifungo

RUFAA ikishagonga mwamba, familia nyingi za wafanyabiashara waliofungwa hukaa chini na kuanza kuhesabu miaka. Duka hufungwa, mtaji huliwa, watoto huhamishiwa kwa bibi yao. Wachache hujua kwamba kwa upande wa Tanzania kuna mlango mwingine, nao haupitii mahakamani.

Mlango huo ni parole, utaratibu wa kumruhusu mfungwa kutumikia sehemu ya kifungo chake nje ya gereza kwa masharti na chini ya uangalizi. Uliwekwa na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Wengi walianza kuisikia Bodi ya Taifa ya Parole ilipokuwa chini ya mwanasiasa mkongwe Augustino Mrema, aliyeteuliwa kuiongoza mwaka 2016 na kufariki dunia Agosti 2022.

Parole haifuti hatia, wala si msamaha wa Rais. Aliyeachiwa kwa parole bado ni mfungwa, na akivunja masharti hurudishwa gerezani.

Nani anastahili

Mfungwa anayefikiriwa ni yule aliyehukumiwa miaka minne au zaidi na ambaye ameshatumikia theluthi moja ya kifungo. Awe ameonyesha tabia njema na dalili za kujirekebisha. Sheria inawaweka kando wanaotumikia kifungo cha maisha, waliobadilishiwa adhabu ya kifo, na waliofungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, kubaka au kunajisi.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vitenge aliyehukumiwa miaka sita kwa kughushi nyaraka. Kwa msamaha wa kawaida wa theluthi moja ambao wafungwa wenye nidhamu hupata, atatoka baada ya miaka minne. Kwa parole, jina lake linaweza kufikiriwa baada ya miaka miwili. Katika hiyo miwili iliyobaki, ama anakuta wateja wake bado wanamkumbuka, ama anakuta kibanda kina mwenyewe mwingine.

Lakini kufikiriwa si kupewa. Gereza huandaa taarifa za wafungwa wenye sifa na kuzipeleka Bodi ya Parole ya Mkoa. Bodi hiyo hupeleka mapendekezo Bodi ya Taifa, nayo humshauri waziri anayehusika na magereza, ambaye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Ngazi hizo zote huamua kwa kusoma faili, na faili hujazwa na mambo yaliyotendeka miaka mingi kabla ya kikao.

Ndiyo maana maandalizi huanza mapema. Kosa moja la nidhamu, kama kupigana au kukutwa na simu, huingia kwenye kumbukumbu na kusomwa siku ya uamuzi. Vivyo hivyo kazi ya mikono aliyojifunza, iwe useremala, ushonaji au kilimo, nayo huandikwa. Mfungwa anayeweza kueleza atakapoishi, atakavyojipatia riziki na alivyolielewa kosa lake ana jambo la kuiambia bodi. Anayesema tu kwamba amechoka na jela hana.

Ripoti ya nyumbani

Nusu ya kazi iko nje ya ukuta, nayo ni ya familia. Kabla ya uamuzi, huulizwa huko mfungwa anakotarajia kurudi: je, ndugu wako tayari kumpokea? Uongozi wa kijiji au mtaa unasemaje? Aliyekosewa na majirani wana hofu gani?

Hapa ndipo mafaili mengine hukwama. Mke amehama na anwani iliyo gerezani ni ya zamani. Ndugu wamegombea shamba na hakuna anayetaka kusema neno. Au aliyedhulumiwa hajawahi kuombwa radhi, na ana haki ya kuwa na kinyongo.

Familia inayojipanga huhakikisha gereza lina anwani sahihi, humteua ndugu mmoja wa kumpokea na kumsimamia, na humtembelea mfungwa mara kwa mara ili isionekane ametelekezwa. Kama kuna aliyeibiwa au kutapeliwa, huanza kuzungumza naye kupitia wazee au viongozi wa dini, bila vitisho.

Jambo jingine ni madalali. Mapendekezo huanzia gerezani na kupanda kwenye bodi. Mtu wa mtaani anayeomba fedha ili "kulisukuma faili" hana kiti popote katika mtiririko huo. Fedha hiyo ni bora igharamie nauli ya kwenda kumwona mfungwa.

Ng'ambo ya mpaka

Kwa anayevuka Namanga, Mutukula au Rusumo na bidhaa zake, jambo la kujua ni kwamba kila nchi ina mlango wake. Kenya, mfungwa hutegemea zaidi punguzo la theluthi moja kwa tabia njema, au kuomba huruma ya Rais kupitia kamati ya ushauri iliyowekwa na Katiba ya 2010. Uganda nayo ina punguzo la theluthi na kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha. Rwanda ina kuachiwa kwa masharti: aliyehukumiwa hadi miaka mitano anaweza kuomba akishatumikia theluthi moja, na aliyezidi hapo akishatumikia theluthi mbili.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilifungua njia kwa bidhaa, mitaji na wafanyakazi. Haikuunda parole ya pamoja. Mfungwa mgeni asiye na ndugu, makazi wala mwenyekiti wa mtaa anayemjua katika nchi aliyofungwa, ana ugumu wa kuonyesha ataishi wapi na nani atamwangalia.

Kinga yake ya kwanza ni ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake ujulishwe, na maofisa wake wanaruhusiwa kumtembelea. Lazima aombe mwenyewe, na mapema, kwa kuwa ubalozi ndio unaoweza kuwapata ndugu zake nyumbani na kupeleka taarifa zao gerezani.

Wafanyabiashara wanaosafiri kwa makundi nao wana la kufanya kabla hawajafikwa na lolote: kila mmoja aache kwa mwenzake jina la ndugu wa kupigiwa simu, kijiji au mtaa anakotoka, na namba ya ubalozi wake. Ni karatasi moja ndogo, lakini mwenzao akifungwa, ndiyo itakayowaonyesha wa nyumbani pa kuanzia.