Bima ya Afya kwa Mtu Asiye na Mshahara

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza: hiyo bima ya afya itamfikaje mkulima wa karafuu? Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ilipita mwaka 2023, na Mfuko ukaanza na watumishi wa Serikali, maana mshahara wao hukatwa kabla haujafika mkononi. Mkulima akatwe nini, na mwezi gani? Na mchumaji aangukaye mkarafuuni akavunjika mguu, ambaye haja yake ni kubwa kushinda yetu sote, hamo katika daftari lolote la mshahara.

Yafaa kwanza tufahamu kuwa bima ni watu wengi kutoa kidogo kidogo ili atibiwe yule aliyefikwa na maradhi. Wakitoa wagonjwa peke yao, mfuko hukauka. Ndiyo taabu ya mfuko wowote wa hiari, kama Mfuko wa Afya ya Jamii wa Bara ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Ulipotengenezwa upya mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini mwenye duka na mjane mwenye jembe tu walitakiwa kiasi kimoja, na mzima wa mwili husema, "Nitaingia nikiumwa."

Kenya walishika njia nyingine Oktoba 2024: kila mtu asilimia 2.75 ya pato lake. Kwa sura ni haki. Lakini asiye na mshahara hukadiriwa kwa kuulizwa juu ya nyumba na mali yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na akatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Hapo sisi twaona shaka. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, nanyi mwajua. Mkadiriaji akija mwaka wa neema, mwakani utalipia neema iliyokwisha liwa.

Rwanda, mwaka 2011, waliwagawa watu kwa hali zao: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na fukara kabisa walilipiwa na Serikali na wafadhili. Daraja ya mtu ilitajwa mkutanoni na wanakijiji wenzake. Manung'uniko hayakukosekana, lakini jirani huijua hali ya jirani kuliko karani wa mjini. Watu wakawekeza pia katika vikundi, wiki kwa wiki, hata ukifika Julai fedha ipo.

Sisi twapendelea njia hii ya madaraja, orodha isomwe hadharani katika shehia, na mchango wa mkulima ukatwe siku anapouza karafuu zake, apewe risiti. Imebaki shida ya mchumaji, ambaye hauzi kitu kituoni. Rai yetu ni kuwa mwenye shamba atie sehemu ya mchango wa wachumaji wake. Twajua baadhi yenu hamtalipenda neno hili. Hata katika kamati lilizungumzwa kwa sauti kubwa.

Kila tawi lijadili, na karani alete majibu kwa maandishi kabla uchumaji haujaanza, ili tuyafikishe Serikalini.