Baada ya Matanga Kuanuliwa

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akakusudia kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Safari ikaishia Masasi, huku kusini mwa Tanzania ya leo. Vitabu husimulia zaidi makanisa yaliyojengwa baadaye. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha huduma ya kichungaji, huwatazama wale wasafiri wenyewe. Kwa wenyeji wa huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye husimama penye ndoa, jando na mazishi. Aliyeuzwa angali mtoto hana mjomba. Akifiwa, nani atamshika mkono?

Nadhani Ukristo wa huku uliota mizizi kwa kulijibu swali hilo kabla ya jingine lolote. Msimamizi wa ubatizo akawa ndugu, jirani wa benchi la kanisani akawa mbeba jeneza.

Majaribu hayakukawia. Steere alifariki Agosti 1882, na Septemba Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wakaivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Chauncy Maples, padri aliyekuwa akiongoza kituo, alihamishia kazi Newala, kwa Matola, mkubwa wa Wayao. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaifikia Masasi. Kanisa likachomwa na wamisionari wakakimbilia Lindi. Wamisionari Wakatoliki wa Kibenediktini nao walipoteza vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao, na mwaka uliofuata wakaanza upya Ndanda. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza: Wajerumani wakawaweka wamisionari Waingereza kizuizini, na Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck likapita Newala kuelekea Ruvuma. Miaka hiyo waumini walizikwa, walibatizwa na kufarijiwa na mapadri na walimu Waafrika. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, ingawa hutajwa kwa mstari mmoja tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kufariji. Marafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Hapo walikuwa wafariji wazuri. Waliharibu walipofumbua midomo wakaanza kumweleza kwa nini yamempata. Nasi twaharibu vivyo hivyo: maiti haijatoka ndani, mtu keshamwambia mama mzazi kwamba Mungu amempenda zaidi mtoto wake. Mama huyo anayo haki ya kulalamika mbele za Mungu. Zaburi ya 88 imelalamika mpaka mwisho na kuishia gizani, wala haikuondolewa kwenye Biblia. Sala za mazishi zilizopangwa zina faida yake hapa: aliyeishiwa maneno hupewa maneno ya kusema pamoja na wenzake.

Lakini mengine hayaombwi, hubebwa. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida tangu zamani. Wanawake wamezoea kuteremka mabondeni na kupanda nayo kichwani. Wanapofika msibani kila mmoja na ndoo yake, wamekwisha hubiri. Na Newala hutamtenga Mkristo na Mwislamu penye msiba: katika familia moja babu ni Yohana na mjukuu ni Hamisi, na wote hushika jembe kaburini.

Shida huanza matanga yakishaanuliwa. Turubai limekunjwa, daftari la rambirambi limefungwa, wageni wamepanda mabasi. Mjane amebaki na mikorosho. Isipopulizwa salfa kwa wakati, ugonjwa wa ubwiriunga hula maua, na mavuno huenda nayo. Akikosa ada ya shule, mnunuzi wa kangomba atamfuata na fedha taslimu, kwa bei ya kutupa, korosho zikiwa bado mtini. Hata mwenye mavuno mazuri huyumba: msimu wa 2018 serikali ilipochukua korosho kwa ahadi ya shilingi 3,300 kwa kilo, wako waliosubiri malipo miezi mingi.

Jumuiya inayokutana kila wiki kusali nyumba kwa nyumba, kisha isijue nani ameshikwa na kangomba, imefanya nusu ya kazi. Vijana wawili wenye bomba la kupulizia, asubuhi chache, humtoa mama huyo kwenye mtego. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji ili nasi tuweze kuwafariji wengine. Waliokwisha fiwa ndio wanaojua kwamba mwezi wa tatu ni mgumu kuliko siku ya tatu. Wao ndio wapewe kazi hii, kabla ya wenye sauti nzuri.

Basi, kama yupo jirani yako aliyefiwa tangu msimu uliopita, mpitie juma hili. Usimuulize kama anahitaji msaada, maana atakujibu hajambo; muulize mikorosho yake itapulizwa na nani.